Kuta za Matumbawe za Bahari ya Shamu: Historia ya Mbizi na Pumzi

Ukuta wa matumbawe ni mahali ambapo mwamba uliokaribia kufika uso wa maji unakatika ghafla na kushuka wima hadi vilindini. Juu ya mwamba maji ni ya magotini. Hatua chache mbele, kina ni cha mamia ya mita. Kuta za aina hii zipo Karibi, Indonesia, Maldivi na kando ya kisiwa cha Pemba. Hata hivyo, kuta za Bahari ya Shamu zina nafasi ya pekee katika historia ya mbizi, kwa kuwa huko ndiko baadhi ya wapigambizi wa mwanzo waliobeba kamera walikozama na kuuonyesha ulimwengu kilichomo. Historia hiyo imefuata mwendo wa pumzi. Kila binadamu alipopata njia mpya ya kupumua chini ya maji aliteremka ngazi moja zaidi ukutani, na kila ngazi ilibadili shabaha yake: alianza kwa kuuogopa mwamba, akaja kuuchuma, kisha kuukusanyia vielelezo, kisha kuutazama, na mwisho kuulinda.

Jinsi ukuta unavyojengwa

Bahari ya Shamu ni sehemu ya mfumo uleule wa nyufa uliozaa Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Bamba la Afrika na bamba la Arabuni yanaachana polepole, kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka, na maji yakajaza nafasi iliyobaki katikati. Matokeo yake ni bahari ndefu na nyembamba: urefu wake ni karibu kilomita 2,250, upana wake hauzidi sana kilomita 350, na mahali pa kina zaidi panapita mita 3,000. Kwa kuwa kingo zake ni mapande ya ardhi yaliyokatika na kuzama, miteremko mikali haiko mbali na pwani.

Hakuna mto wa kudumu unaomwaga maji katika bahari hii, na mvua ni haba. Jua hukausha kiasi cha mita mbili za maji kila mwaka, na pengo hilo huzibwa na maji ya Bahari ya Hindi yanayoingia kupitia mlango wa Bab el-Mandeb. Kwa hiyo maji ni ya chumvi kali, hufikia gramu 40 kwa kila kilo upande wa kaskazini, na ni safi kwa kuwa hayana tope la mito. Usafi huo ndio chanzo cha utajiri wa matumbawe. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani ndani ya mwili wake. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na mnyama hutumia sehemu ya chakula hicho kujenga mifupa ya chokaa. Pasipo mwanga ujenzi husimama. Ndiyo maana mwamba hukua kwenda juu na nje, kuelekea jua.

Umbo la ukuta limechongwa pia na kupanda na kushuka kwa bahari. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imefunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa mita 120 hivi. Miamba ya zamani ilibaki nje kama majabali, na mawimbi yakaichimba vishimo na kuikata vidaka. Barafu ilipoyeyuka na maji kurudi, matumbawe mapya yalipanda juu ya majabali hayo. Vibaraza na mapango ambayo wapigambizi huyaona leo katika kina cha mita 30, 50 au zaidi ni mabaki ya fukwe za kale.

Mfano mzuri ni Sanganeb, mwamba wenye umbo la pete ulio kiasi cha kilomita 25 kutoka pwani ya Sudan, unaoinuka kutoka kina cha mita 800. Ukingoni mwake mawimbi huvunjika juu ya matumbawe magumu yaliyojibana, na mbele yake huelea maelfu ya samaki wadogo wa rangi ya machungwa, wote wameelekeza vichwa kwenye mkondo unaowaletea chakula. Kabla ya mita 10 rangi nyekundu huanza kutoweka, kwani maji huimeza kabla ya nyingine. Mzamiaji akiwasha tochi, ukuta ulioonekana wa buluu na kijivu hubadilika mara moja kuwa wa zambarau, waridi na manjano. Chini ya vidaka, mahali pasipofika jua la moja kwa moja, huning'inia matumbawe laini yasiyohitaji mwanga kwa kuwa yanakula vijidudu vinavyopita. Chini zaidi hutanda matumbawe yenye umbo la upepeo, yamesimama kukingama mkondo. Upande wa nje, katika buluu tupu, hupita mizia, kolekole na papa wenye kichwa cha nyundo.

Mwamba machoni pa mabaharia

Kwa karne nyingi waliokuwa wakipita juu ya kuta hizo hawakuwa na haja ya kuzitazama. Haja yao ilikuwa kuziepuka. Majahazi yaliyobeba nafaka, kahawa na mahujaji wa Jidda yalisafiri mchana, na jioni yakatia nanga nyuma ya miamba. Rubani alikaa juu ya mlingoti akisoma rangi ya maji: buluu iliyokoza ni salama, kijani ni hatari, kahawia ni mwamba wenyewe. Ahmad ibn Majid, nahodha na mwandishi wa karne ya 15 kutoka Julfar, aliandika kitabu cha maarifa ya ubaharia kilichokamilika karibu na mwaka 1490, na sehemu yake ya mwisho inaeleza Bahari ya Shamu pamoja na hatari zake.

Kwa nahodha, ukuta una hatari ambayo mteremko wa kawaida hauna. Penye mteremko, bildi ikitupwa inagusa chini, na kina kinachopungua kinampa onyo. Penye ukuta bildi haigusi kitu mpaka chombo kinapokuwa karibu kuugonga mwamba. Usiku, onyo pekee ni sauti ya mawimbi.

Watu wa pwani, kwa upande wao, waliuona mwamba kuwa machimbo. Mji wa Suakin nchini Sudan, uliokuwa bandari kuu kabla ya Port Sudan kuanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, kama ilivyojengwa miji ya mawe ya Kilwa, Lamu na Unguja. Jiwe hilo ni jepesi, hukatika kwa urahisi linapotoka majini, na huwa gumu likikauka. Ufundi huo mmoja ulienea pwani zote hizi zilizounganishwa na biashara ya majahazi.

Upimaji wa kina wa bahari nzima ulifanywa na maofisa wa kikosi cha majini cha Bombay, akiwamo Robert Moresby, kuanzia mwaka 1829, kwa ajili ya meli za mvuke zilizotarajiwa kwenda India. Ramani na maelezo yao yalimfikia Charles Darwin, aliyeyatumia katika kitabu chake cha mwaka 1842 kuhusu umbo na mtawanyiko wa miamba ya matumbawe. Darwin alieleza kuwa miamba inayoinuka kutoka vilindini hujengwa juu ya ardhi inayozama taratibu, huku matumbawe yakiendelea kupanda ili yabaki karibu na jua. Maelezo hayo yalisimama juu ya vipimo vya bildi na kamba, kwa maana hakuna aliyekuwa ameteremka kuuona ukuta wenyewe.

Wachuma chaza

Walioingia majini kwa kazi walikuwa hasa wazamiaji wa chaza. Katika visiwa vya Dahlak upande wa Eritrea, Farasan upande wa Arabuni, na ghuba ya Dungonab nchini Sudan, chaza walichumwa kwa ajili ya lulu na zaidi kwa ajili ya maganda yao yenye kung'aa, yaliyouzwa kutengenezea vifungo na mapambo. Wengi wa waliozama walikuwa maskini au watumwa, na faida ilibaki kwa wenye vyombo na wafanyabiashara waliowakopesha.

Kazi ilifanywa kwenye mitumbwi midogo. Mtu mmoja alipiga kasia taratibu, na mwenzake aliinama ubavuni akitazama chini kupitia debe lililotobolewa na kufungwa kioo kwenye kitako. Debe likizamishwa kidogo, viwimbi vya juu havisumbui tena macho, na chaza huonekana waziwazi. Alipomwona, mzamiaji aliruka, akamng'oa na kurudi. Pumzi ya kifuani ilimpa dakika moja, pengine zaidi kidogo, na sehemu kubwa ya muda huo iliishia kwenye kushuka na kupanda. Ukuta mkubwa haukumfaa: chaza wengi hukaa kwenye miamba ya kina kifupi, na mahali panapoenda chini bila kikomo hapampi mtu wa pumzi moja mahali pa kugeukia.

Mtaalamu aliyeifahamu kazi hii kwa karibu ni Cyril Crossland, mwanabiolojia Mwingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 alichunguza miamba ya Unguja, Pemba na pwani ya bara la Afrika Mashariki na kuchapisha maandishi juu yake. Kisha, kuanzia mwaka 1905, aliajiriwa na serikali ya Sudan kusimamia uvuvi wa chaza na kujaribu ufugaji wao huko Dungonab. Kitabu chake cha mwaka 1913 kinaeleza jangwa, watu wa pwani na bustani za majini kwa pamoja. Miaka ya 1930 alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha utafiti wa bahari cha Misri huko Ghardaqa, mji ujulikanao pia kama Hurghada. Baada yake kituo kiliongozwa na Hamed Gohar, Mmisri aliyechunguza matumbawe laini na nguva, na ambaye baadaye alijulikana na familia nyingi za Misri kwa kipindi chake cha televisheni kuhusu bahari.

Wataalamu wa ufukweni

Kabla ya vituo hivyo, elimu ya viumbe wa mwamba ilitegemea mikono ya wavuvi. Peter Forsskål, mwanafunzi wa mwanasayansi Linnaeus, alipita katika Bahari ya Shamu pamoja na msafara wa Denmark ulioondoka mwaka 1761. Alikusanya samaki, matumbawe na mimea, akafariki Yemen mwaka 1763, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mtu pekee wa msafara huo aliyerudi nyumbani hai. Miaka ya 1820 walifuata Wajerumani Christian Gottfried Ehrenberg na Eduard Rüppell. Mwaka 1873 Ernst Haeckel alikwenda Tor, katika pwani ya Sinai, akitumia wazamiaji wenyeji kumletea matumbawe kutoka chini.

Aliyekaa muda mrefu zaidi ni Carl Benjamin Klunzinger, daktari wa Kijerumani aliyefika Qusayr nchini Misri mwaka 1863. Alipomaliza kazi ya kutibu alitembea juu ya mwamba maji yalipokupwa, akaugawa katika kanda kuanzia ufukweni hadi ukingoni, na kuorodhesha mamia ya samaki. Maandishi yake bado ni msingi wa elimu ya bahari hiyo. Hata hivyo utembezi wake ulikomea ukingoni. Huko aliweza kuinama na kuchungulia. Kilichokuwa chini ya hapo alikijua kwa vipande vilivyovunjwa na kupandishwa.

Wakati huo vifaa vya kuzamia vilikwisha kuwapo. Vazi zito lenye kofia ya shaba, lililopata umbo lake la kudumu katika karakana ya Augustus Siebe mjini London mwaka 1837, lilimpelekea mzamiaji hewa kwa mpira kutoka kwenye pampu iliyo juu. Lilifaa kujengea magati na kuokolea mali za meli zilizozama. Penye ukuta halikufaa, na sababu ni ya kimaumbile: mwenye kofia ya shaba hutembea, na anahitaji sakafu ya kusimamia. Ukuta hauna sakafu. Ili uchunguzwe, alihitajika mtu anayeweza kuelea mbele yake katika kina chochote anachotaka, kama samaki.

Mapezi, oksijeni na kamera

Mtu huyo alifika Port Sudan mwishoni mwa mwaka 1949. Hans Hass, Mwaustria aliyezaliwa mwaka 1919, alikuwa amesomea zoolojia na alikwisha kuzama Karibi na Ugiriki. Alivaa mapezi miguuni na kifaa cha oksijeni kilichorudisha pumzi ileile: hewa aliyotoa ilipita kwenye dawa inayofyonza kabonidioksidi, ikaongezwa oksijeni na kumrudia. Kifaa hicho hakikutoa mapovu, hivyo papa na taa wakubwa walimkaribia bila hofu. Kilikuwa na hatari yake pia. Tangu mwaka 1878 mwanasayansi Mfaransa Paul Bert alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa oksijeni tupu ikigandamizwa hugeuka sumu inayoleta degedege. Kwa hiyo Hass aliona sehemu ya juu tu ya ukuta, na hata hapo alikuwa akicheza na kikomo.

Mwaka 1950 alirudi na kikundi, akiwamo Lotte Baierl, aliyeajiriwa kama katibu, akajifunza kuzama na kupiga picha, na baadaye akawa mke wake. Filamu yao ya mwaka 1951 kuhusu Bahari ya Shamu ilipata tuzo Venice. Kwa watazamaji wa wakati huo jambo jipya lilikuwa kumwona mwanamke kijana akiogelea bila woga pembeni ya mwamba uliojaa papa, katika bahari ambayo wengi waliijua kama njia ya meli tu.

Wakati huohuo Mmarekani Eugenie Clark alifika Ghardaqa kukusanya samaki, na simulizi ya kazi hiyo ikawa sehemu ya kitabu chake cha mwaka 1953. Miongo iliyofuata alirudi mara nyingi, hasa katika rasi ya Ras Muhammad, ncha ya kusini ya Sinai.

Kifaa kilichofungua ukuta kwa watu wengi kilitoka Ufaransa. Mwaka 1943 Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini, na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kidhibiti kinachotoa hewa ya kawaida kutoka kwenye mtungi pale tu mzamiaji anapovuta, na kwa mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka. Mwishoni mwa mwaka 1951 meli ya Cousteau, Calypso, ilifanya safari yake ya kwanza ya kisayansi, na safari hiyo ilikuwa ya Bahari ya Shamu.

Hewa ya mtungi ilimpeleka mzamiaji chini zaidi, ikamletea pia hesabu mpya. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na wa anga nzima. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji angeutumia saa mbili; katika mita 30, ambako mgandamizo ni mara nne, kila pumzi hubeba hewa mara nne, na mtungi uleule huisha kwa nusu saa. Nitrojeni ya hewa hiyo huyeyuka katika damu na misuli. Mzamiaji akipanda haraka, nitrojeni hutoka kama mapovu, na mapovu hayo huweza kupoozesha au kuua. Majedwali ya kupanda kwa vituo yalitungwa na John Scott Haldane mwaka 1908. Kupita mita 30 nitrojeni hulevya, na ulevi huo humfanya mtu aone hatari kama mchezo. Penye ukuta hali ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna sakafu ya kumsimamisha: anayetazama samaki mmoja bila kuangalia kipima kina anaweza kuzama mita 15 bila kujua.

Filamu ya Cousteau na Louis Malle, Le Monde du silence, iliyopigwa kwa sehemu katika Bahari ya Shamu, ilishinda Palme d'Or mjini Cannes mwaka 1956, ikapata na tuzo ya Oscar. Filamu hiyohiyo inaonyesha mabaharia wa Calypso wakilipua mwamba kwa baruti ili kuhesabu samaki, na wakiua papa kwa hasira. Matendo hayo leo hutia uchungu, lakini ni kumbukumbu ya kweli: kizazi kilichoufungua ukuta kilikuwa bado hakijajifunza kwamba ungeweza kuisha.

Nyumba chini ya maji

Mwaka 1963 Cousteau alirudi Sudan, kwenye mwamba wa Sha'ab Rumi ulioko kaskazini ya Port Sudan, akiwa na mpango wa kuondoa kikomo cha muda. Wazo lake lilitegemea kanuni moja ya mwili: baada ya saa kadhaa katika kina fulani, damu na misuli hushiba gesi na haipokei zaidi. Anayeishi chini siku 30 anahitaji muda wa kupanda sawa na aliyekaa siku chache tu. Kwa hiyo, badala ya kupanda na kushuka kila siku, wazamiaji wangehamia.

Nyumba kubwa, yenye umbo la kiti cha pweza, iliwekwa kwenye kibaraza katika mita 10, na watu watano waliishi humo mwezi mzima. Chini yake, karibu mita 27, kulikuwa na chumba kidogo ambamo watu wawili walikaa wiki moja wakivuta mchanganyiko wenye heliamu. Pembeni lilijengwa banda la nyambizi ndogo ya watu wawili, iliyoweza kuteremka ukutani hadi mita 300, mbali kabisa na upeo wa mtungi. Hewa, umeme na chakula vilitoka kwenye meli iliyofungwa juu. Filamu ya jaribio hilo, Le Monde sans soleil, ilipata pia tuzo ya Oscar.

Jaribio lilithibitisha kuwa binadamu anaweza kuishi huko, na pia kuwa gharama yake haibebeki. Nyumba ziliondolewa. Banda la nyambizi lilibaki, na kwa miongo kadhaa limekuwa likivaa matumbawe na sponji; mzamiaji huweza kuingia kwa chini na kukuta mfuko wa hewa kwenye dari.

Kutoka msafara hadi utalii

Miaka ya 1960 na 1970 mbizi iliacha kuwa kazi ya wachache. Shirikisho la kimataifa la shughuli za chini ya maji liliundwa mwaka 1959, likiwa na Cousteau kama rais wa kwanza, na mashirika ya Marekani yakaanza kutoa kozi na vyeti. Kikomo cha mbizi ya burudani kiliwekwa kwenye mita 40. Fulana ya kujazwa hewa ilimwezesha mtu wa kawaida kuelea kwa utulivu mbele ya ukuta, na katika miaka ya 1980 kompyuta ndogo za mkononi zilianza kumpigia hesabu ya nitrojeni.

Siasa iliamua ni ukuta upi utembelewe. Sinai ilikuwa chini ya Israeli tangu vita vya 1967, na vilabu vya kwanza vya mbizi katika eneo la Sharm el-Sheikh vilianza wakati huo. Sinai ilirudi Misri mwaka 1982, na mwaka uliofuata serikali ikatangaza Ras Muhammad kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza nchini humo. Eugenie Clark alikuwa miongoni mwa waliohimiza hatua hiyo. Ukuta wa Ras Muhammad unashuka mamia ya mita, na kila kiangazi makundi makubwa ya samaki hukusanyika mbele yake kwa ajili ya kuzaliana. Mvuvi mwenye nyavu angeweza kuwamaliza kwa misimu michache.

Hifadhi haikuzuia umati. Viwanja vya ndege vya Sharm na Hurghada vilileta watalii kutoka Ulaya, mahoteli yakapanga pwani, na boti zikatupa nanga juu ya matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Madhara yalitoka kwa vitu vidogo vilivyojirudia: pezi linalogonga tawi, mkono unaoshika ili mtu asipeperuke, mchanga unaotimuliwa na kufunika viumbe. Mwaka 1992 jumuiya ya uhifadhi ya Hurghada iliundwa na waendeshaji wa mbizi wenyewe, ikafunga mamia ya maboya ya kudumu ili boti zisitupe nanga. Wenye boti walikwisha kuelewa kwamba ukuta mzima una thamani kuliko ukuta uliovunjika.

Ukuta ulidai gharama pia kwa watu. Huko Dahab, shimo refu lililo kando ya pwani, Blue Hole, lina tao linaloelekea bahari kuu katika kina cha mita 55 hivi. Wengi walijaribu kulipita kwa mtungi mmoja wa hewa, na ulevi wa nitrojeni ukawapotezea hesabu. Mabamba yenye majina yao yamebandikwa kwenye jabali la pwani, mahali ambapo kila anayejiandaa kuzama hupita.

Upande wa Sudan watalii walikuwa wachache, na kuta zilibaki tulivu zaidi. Sanganeb ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1990, na mwaka 2016 ikaingizwa pamoja na Dungonab katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa hiyo ghuba ambayo Crossland aliisimamia kwa ajili ya maganda ya chaza sasa inatambuliwa kwa nguva na taa wakubwa wake. Vita vilivyozuka Sudan mwezi Aprili 2023 vilikata safari za wageni na kuacha ulinzi wa hifadhi katika hali ngumu.

Chini ya mita 40

Sehemu kubwa ya ukuta iko nje ya upeo wa mtalii. Miaka ya 1980 Mjerumani Hans Fricke aliichunguza Ghuba ya Aqaba kwa nyambizi ndogo iitwayo Geo, na pamoja na wenzake akaonyesha kuwa kuna tumbawe linalotumia mwanga hafifu wa buluu kuishi katika kina cha mita 95 hadi 145. Ugunduzi huo ulisogeza chini sana mpaka wa matumbawe yenye mwani. Nyambizi hiyohiyo ilipelekwa Komoro, na mwaka 1987, kwenye miteremko mikali ya Ngazija, Fricke na wenzake wakawa wa kwanza kumpiga filamu silikanti akiwa hai katika makazi yake. Samaki huyo wa kale, aliyedhaniwa ametoweka kabla ya kuvuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, ameonekana pia katika nyavu za wavuvi wa Tanga, na mwaka 2009 Tanzania ikamtengea hifadhi ya bahari.

Tishio kubwa la leo halizuiwi kwa boya wala kwa mpaka wa hifadhi. Maji yakizidi joto, tumbawe humtoa mwani wake, hupauka, na hali ikiendelea hufa. Mwaka 1998 na tena 2015 joto liliathiri miamba ya kati ya Bahari ya Shamu. Matumbawe ya kaskazini, hasa ya Ghuba ya Aqaba, yameonyesha uvumilivu usio wa kawaida. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mababu zao waliingia kupitia kusini, ambako maji ni ya moto sana, na waliosalia ni wale waliohimili. Wakiishi sasa katika maji yenye ubaridi zaidi, wana akiba ya ustahimilivu ambayo miamba mingi ya dunia haina. Akiba hiyo ina kikomo, na haiwalindi dhidi ya maji taka, mafuta, uvuvi wa kupita kiasi au ujenzi wa pwani.

Kwa sababu hiyo wanasayansi wengi wanaiona kaskazini ya Bahari ya Shamu kuwa mojawapo ya mahali ambapo matumbawe ya kujenga miamba yana nafasi nzuri ya kuvuka karne hii. Uamuzi uko mikononi mwa nchi zinazoizunguka, zikiwamo Misri, Saudi Arabia, Jordan, Israeli, Sudan, Eritrea na Yemen, kwani mikondo hubeba mayai ya matumbawe na ya samaki bila kujali mipaka. Ukuta ulioharibiwa upande mmoja hunyima mbegu upande mwingine, hivyo hifadhi ya nchi moja peke yake haitoshi.

Mbizi yenyewe inaendelea kubadilika. Vifaa vinavyorudisha pumzi, vizazi vya kile alichokivaa Hass, sasa huchanganya heliamu na kudhibitiwa kwa vihisio, na huwapeleka watafiti kupita mita 100 katika mbizi za saa kadhaa. Kupitia wao tabaka la kati la ukuta, lililokuwa chini mno kwa mtungi, limeanza kuorodheshwa kiumbe kwa kiumbe. Kazi aliyoianza Klunzinger ukingoni mwa mwamba wa Qusayr inaendelea pale alipoishia, na sehemu kubwa ya ukuta bado haijafikiwa.